Maradhi Yasiyofika Hayapigiwi Kura

Kinga ya maradhi ya mlipuko ina taabu moja katika siasa: ikifanya kazi, haionekani. Pipa la maji lililofunikwa halizai mbu, mbu asiyezaliwa hamuumi mtu, na mtu aliyeepushwa na homa hajui kama ameepushwa, sembuse kujua wa kumshukuru. Barabara huonekana. Gari la wagonjwa lililoandikwa jina la mfadhili huonekana, na mfuko wa unga unaogawiwa siku ya shida huingia jikoni na kupikwa. Mwanasiasa anayehesabu kura hujifunza mapema kwamba anayeshukuriwa ni aliyekuja na msaada janga lilipotokea; aliyelizuia lisitokee hatajwi. Wataalamu wa siasa wameiita tabia hii kutoona mbali kwa mpiga kura, na katika Kisiwa cha Mombasa, lango la meli na wageni kwa karne nyingi, gharama yake imelipwa mara kadhaa.

Utafiti unaotajwa zaidi katika jambo hili ulifanywa Marekani na Andrew Healy na Neil Malhotra, ukachapishwa mwaka 2009. Walichambua kura za urais kaunti kwa kaunti, wakazilinganisha na fedha zilizotumika kwa ajili ya mafuriko, vimbunga na maafa mengine. Chama tawala kilizidishiwa kura mahali kilipomwaga misaada baada ya maafa. Mahali kilipotumia fedha kujiandaa kabla ya maafa, wapiga kura hawakukilipa chochote, ingawa kwa hesabu ya watafiti hao kila dola 1 ya maandalizi iliokoa hasara ya takriban dola 15 katika miaka iliyofuata. Mkono mtupu haulambwi, na kinga ni mkono mtupu hadi siku maradhi yanapobisha hodi.

Hata hivyo ni kosa kumtwisha mpiga kura lawama yote, na historia ya Mombasa yenyewe inakataza. Mnamo Septemba 1918 homa kali ya mafua, ile iliyoitwa ya Kihispania, iliingia Kenya kupitia bandari ya Mombasa. Watafiti waliofukua kumbukumbu za serikali ya kikoloni za Mkoa wa Pwani, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2019, waliona kwamba vifo mwaka ule viliongezeka mara 6 kuliko kawaida, na wakakadiria kwamba janga hilo liliua takriban watu 25 katika kila 1,000. Wakati huo hakuna mkazi wa kisiwa aliyekuwa na kura. Wazungu wa koloni walichagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza mwaka 1920, na Waafrika walingoja hadi Machi 1957. Mtawala wa 1918 hakuwa na mpiga kura wa kumwogopa wala wa kumbembeleza, na bado alikutwa mikono mitupu. Kura haikuzaa upofu huu. Iliukuta, ikaurithi, na tofauti yake ni kwamba mwenye kura ana njia ya kuurekebisha.

Pwani ya Waswahili ina ushahidi mwingine wa zamani zaidi, unaoonyesha kwamba watu wa kawaida wanaweza kukumbuka. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja katika miaka ya 1860 na 1870, aliandika habari za homa ya maumivu makali ya viungo iliyozuka huko mwaka 1870. Wazee wa mji waliitambua papo hapo. Walisema ndiyo ile ya mwaka 1823, na jina lake walikuwa nalo: kidinga pepo. Miaka 47 ilikuwa imepita, na kumbukumbu ilikuwa ingali hai katika vinywa vya watu. Wanahistoria wengi wa tiba wanadhani homa ile ilikuwa chikungunya, ingawa jina hilo, kwa umbo la kidingapopo, leo limebaki kwa dengue. Jina moja kukalia maradhi mawili si ajabu: yote mawili huenezwa na mbu yuleyule, anayeuma mchana na kuzaana katika maji safi yaliyotuama ndani na kandokando ya nyumba.

Mbu huyo ndiye mwalimu bora wa somo hili katika Mombasa, kwa sababu anaishi kwenye maji yanayohifadhiwa, na maji huhifadhiwa mahali ambapo mfereji hautegemewi. Kisiwa cha Mombasa hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka mbali: chemchemi za Mzima katika Tsavo, ambazo bomba lake lilikamilika katika miaka ya 1950, visima vya Baricho kwenye mto Sabaki, na Marere huko Kwale. Mji umekua, mabomba hayakukua kwa kiasi hicho. Katika Mji wa Kale, Kibokoni au Kuze, maji ya mfereji huja kwa zamu au hayaji, na kila nyumba ina pipa, tangi juu ya paa, madumu yaliyopangwa ukumbini na ndoo za chooni. Wenye mikokoteni hupita vichochoroni wakiuza maji kwa dumu. Mama wa nyumba anayejaza vyombo vyote siku maji yanapotoka anafanya la busara kabisa, na kwa busara hiyohiyo anamwekea mbu kitalu.

Matokeo yake yameandikwa. Mwaka 2004 chikungunya ilizuka Lamu, na vipimo vya damu vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba takriban robo tatu ya wakazi wa mji huo walikuwa wameambukizwa. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa imefika Mombasa, kisha ikavuka hadi Komoro, na katika 2005 na 2006 ikakipiga kisiwa cha Réunion, ambako takriban mtu mmoja katika kila watatu aliugua. Kupitia bahari hiyohiyo ya majahazi na pepo za msimu, ugonjwa uliendelea hadi Bara Hindi. Dengue nayo ilizuka Mombasa mwaka 2013; uchunguzi wa nyumba kwa nyumba wa mwaka huo ulikuta dalili za maambukizo kwa takriban asilimia 13 ya waliopimwa. Ikarudi 2017, na mwisho wa mwaka huo huo chikungunya ikafuata, ikaendelea hadi 2018. Wengi waliougua hawakupimwa. Waliambiwa ni malaria, wakanunua dawa ya malaria, wakalala na maumivu ya mifupa wiki mbili tatu. Ugonjwa usiopimwa hauingii katika takwimu, na usioingia katika takwimu haufiki jukwaani.

Mwaka 2017 unastahili kutazamwa kwa karibu, maana ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Madaktari wa hospitali za umma walikuwa katika mgomo wa siku 100 uliomalizika katikati ya Machi. Mwezi Juni wauguzi nao wakaweka zana chini, wasirudi hadi Novemba. Kati ya miezi hiyo Wakenya walipiga kura mara mbili, tarehe 8 Agosti na tena tarehe 26 Oktoba baada ya Mahakama ya Juu kufuta uchaguzi wa urais. Hospitali za umma zilikuwa karibu kufungwa, dengue ilikuwa imepita mjini, na bado afya haikuamua kura. Kampeni zilibebwa na miungano ya vyama, kabila, na reli ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi iliyozinduliwa tarehe 31 Mei, wiki kumi kabla ya kura ya kwanza. Treni ilipanda na kushuka mbele ya macho ya watu. Muuguzi asiyekuwepo zahanatini hakuwa na sherehe ya kuzinduliwa.

Kulikuwa na sababu nyingine, nayo ni mgawanyo wa madaraka. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti zahanati na hospitali zao, ikaiachia serikali ya taifa sera ya afya na hospitali kuu za rufaa. Afya ya bandari na mipaka nayo ikabaki Nairobi. Mpango huu una faida zake. Lakini mkazi wa Mvita, huko kisiwani, akikosa dawa, gavana humwambia fedha hazijatumwa kutoka Hazina ya Taifa, na Nairobi humwambia afya imegatuliwa. Mpiga kura hawezi kumwadhibu asiyemjua. Mwaka 2015 serikali ya taifa ilikodi mitambo ya hospitali kwa mkataba wa takriban shilingi bilioni 38, ikaigawa kwa hospitali 98 kote nchini. Baadhi ya mitambo ilikaa bila kutumika kwa kukosa wataalamu, umeme au maji. Mashine ilikuwa kitu cha kuonyesha. Mshahara wa mtu wa kuiendesha haukuwa.

Hivyo ndivyo nchi ilivyokuwa mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa tarehe 13 Machi 2020. Hesabu iliyofanywa na watafiti wakati huo ilikuta vitanda vya wagonjwa mahututi 537 na mashine za kupumulia 256 katika nchi nzima, na kaunti 22 tu kati ya 47 zilikuwa na chumba cha wagonjwa hao hata kimoja. Tarehe 27 Machi kafyu ya kwanza ilipoanza saa moja jioni, umati ulikuwa umekwama kwenye kivuko cha Likoni, mahali ambapo watu zaidi ya laki tatu huvuka kila siku kwa feri. Polisi walitumia mabomu ya machozi na virungu dhidi ya watu waliokuwa wakirudi nyumbani, nao wakabanana zaidi, wakikohoa na kugusana, jambo ambalo amri yenyewe ilikusudia kulizuia. Msongamano wa Likoni haukuwa siri kwa yeyote aliyewahi kuvuka. Daraja la kuelea la Liwatoni kwa waendao kwa miguu lilizinduliwa Desemba mwaka huo, miezi tisa baadaye.

Tarehe 6 Mei 2020 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba Mji wa Kale wa Mombasa na mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi vimefungwa. Hakuna kuingia wala kutoka. Ilikuwa katikati ya Ramadhani. Misikiti ilikuwa imeshafungwa tangu Machi, hapakuwa na tarawehe ya jamaa, na kafyu iliwakuta watu ndio kwanza wamefuturu. Mikahawa na masoko ya eneo hilo yakafungwa. Wauza viazi vya karai, mishikaki na sambusa, ambao Ramadhani ndiyo mavuno yao ya mwaka, walikaa majumbani pamoja na wachukuzi wa Bandari ya Kale. Idi ikaswaliwa nyumbani. Zuio liliondolewa mwanzoni mwa Juni, baada ya mwezi mzima, na mipaka ya kaunti ya Mombasa ikafunguliwa tarehe 7 Julai.

Maafisa walilalamika kwamba wakazi wa Mji wa Kale wanakataa kupimwa. Ukataaji huo ulikuwa na mantiki yake, na usipoeleweka, maandalizi yajayo yatakwama palepale. Aliyepatikana na virusi alipelekwa kutengwa, na waliokaa naye wakapelekwa karantini ambayo katika wiki za mwanzo walitakiwa kuilipia wenyewe; serikali iliondoa malipo hayo baadaye. Katika nyumba za mji huu, ambamo bibi, watoto na wajukuu huishi ghorofa moja juu ya nyingine, kipimo kimoja kiliweza kuifunga familia nzima. Maiti ilizikwa na watu waliovaa kama wanaanga, mazishi yakageuka kitisho badala ya ibada. Aliyepima faida na hasara aliona ni heri asijue. Imani ya watu ni sehemu ya maandalizi, na haipatikani kwa agizo wiki ambayo ugonjwa umeshaingia. Hujengwa miaka ya nyuma, kwa muuguzi anayejulikana mtaani na imamu aliyeshirikishwa mapema.

Ukubwa wa kilichokosekana ulionekana maabarani. Wanasayansi wa kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome huko Kilifi walipima damu iliyotolewa na wachangiaji kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020. Mombasa iliongoza nchi: takriban asilimia 8 ya wachangiaji walikuwa tayari na kinga iliyoonyesha wamewahi kuambukizwa. Wagonjwa waliotangazwa kila jioni kwenye televisheni walikuwa sehemu ndogo sana ya hao. Ugonjwa ulikuwa umetangulia hatua nyingi mbele ya vipimo.

Kisha ikaja kura. Mwezi Agosti 2022, miaka miwili tu baada ya vizuizi vya Mji wa Kale, Wakenya walikwenda vituoni. Uchaguzi wa gavana wa Mombasa uliahirishwa hadi tarehe 29 kwa sababu ya makosa katika karatasi za kura, na Abdulswamad Nassir akamshinda Hassan Omar. Hoja iliyowasha mikutano ya kisiwani ilikuwa bandari: makasha yaliyolazimishwa kupanda treni hadi bara, malori yaliyosimama, makampuni ya uwakala wa forodha yaliyofungwa, vijana waliorudi kukaa barazani. Siku alipoapishwa, tarehe 13 Septemba, Rais William Ruto alitangaza kurudisha Mombasa shughuli za kutoa mizigo. Maandalizi ya janga lijalo hayakuwa hoja ya mtu. Na hapa mpiga kura anastahili kutetewa. Kazi ya bandari ndiyo chakula cha usiku huo. Janga lijalo halina tarehe. Mtu anayeishi kwa kibarua cha siku hawezi kutazama mbali zaidi ya siku, kwa kuwa macho yake yamefungwa na njaa. Ukitaka aone mbali, umpe kwanza pa kusimama.

Upofu huu haukuwa wa Mombasa peke yake. Septemba 2019, miezi michache kabla ya korona, bodi ya kimataifa iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na Benki ya Dunia ilionya katika ripoti yake kwamba nchi huishi katika mzunguko wa taharuki na usahaulifu: janga likija fedha humwagika, likipita hukauka. Marekani ilikuwa imevunja mwaka 2018 kitengo cha maandalizi ya majanga katika ofisi ya rais, ilhali mwaka 2019 jedwali maarufu la utayari wa nchi 195 liliiweka ya kwanza duniani. Nchi iliyoponyoka usahaulifu huo, angalau kwa muda, ni Korea Kusini. Mwaka 2015 homa ya MERS iliyoletwa na msafiri kutoka Ghuba iliwaambukiza watu 186 na kuua 38. Idadi hiyo ni ndogo ikilinganishwa na majanga mengine, lakini ilitokea mbele ya macho ya watu, serikali ikalaumiwa kwa jina, sheria za vipimo na ufuatiliaji zikabadilishwa. Mwaka 2020 vipimo vilikuwa tayari ndani ya wiki chache. Wakorea waliona mbali kwa sababu jeraha lilikuwa bado bichi na mwenye kulaumiwa alijulikana.

Kenya imejaribu njia yake. Mwaka 2022 iliunda taasisi ya taifa ya afya ya jamii ili ufuatiliaji wa milipuko uwe na kwao. Iliyo na mizizi zaidi mitaani ni hatua ya Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii 100,000 walipopewa mikoba ya vifaa na kuahidiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya taifa na nusu kutoka kaunti. Hawa hupita nyumba kwa nyumba wakipima shinikizo la damu na sukari, kuuliza habari za watoto, na kupeleka taarifa kituoni. Thamani yao katika siasa ni kwamba wanaonekana. Mhudumu akikosa kulipwa, majirani hujua mwezi huo huo, na mjumbe wa wodi huulizwa. Mhudumu huyohuyo anayefunua pipa kutafuta viluwiluwi vya mbu ndiye atakayegundua kwanza kwamba nyumba tatu za kichochoro kimoja zina homa isiyo ya kawaida. Kinga inapofungwa pamoja na huduma ya kila siku, hupata wa kuitetea. Ndivyo ilivyo kwa maji pia. Hakuna atakayepigia kura vita dhidi ya dengue, lakini kila mtu kisiwani atapigia kura mfereji unaotoa maji, na mfereji huo ukitoa kila siku mapipa hupungua na mbu hukosa makao. Bwawa la Mwache linalojengwa Kwale kwa ajili ya maji ya Mombasa ni mradi wa afya kadiri lilivyo mradi wa maji, ingawa haliitwi hivyo.

Hatari haikungoja. Tarehe 31 Julai 2024 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa mpox, aliyegunduliwa kwenye mpaka wa Taveta, na katika 2025 Mombasa ikawa miongoni mwa kaunti zilizoguswa zaidi, kama inavyotarajiwa mahali barabara ya malori inapokutana na bandari. Januari mwaka huohuo Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kazi nyingi za maabara na ufuatiliaji zilizoegemea fedha hizo zikayumba. Katika mkutano wa Abuja wa 2001 viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kenya haijafika huko.

Fedha za afya za kaunti hujadiliwa mahali panapojulikana. Kwa sheria ya fedha za umma ya 2012, serikali ya kaunti hupeleka mwelekeo wa matumizi yake kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kusikilizwa kabla hayajapitishwa. Vikao hufanyika kwenye wodi, mara nyingi katika kumbi za jamii au viwanja vya shule, na wanaohudhuria ni wachache. Maombi yanayotawala ni basari za shule, taa za barabarani na mitaro. Kemikali za kupimia maabarani, dawa ya kuua viluwiluwi, posho za wahudumu wa mitaa na mfuko wa dharura wa kaunti vimo katika vitabu hivyohivyo vya bajeti, kila kimoja na tarakimu yake, na mkazi yeyote wa Kibokoni au Likoni anaweza kusimama na kuuliza kwa nini tarakimu ya mwaka huu ni ndogo kuliko ya mwaka jana.